Namna ya Kuandika Historia ya Mtandao wa Mikahawa: Mfano wa Java House ya Nairobi

Karibu kila mkahawa uliofanikiwa una hadithi yake ya mwanzo, nayo huwa imekwisha kuandikwa ukutani, kwenye menyu au kwenye tovuti ya kampuni: watu wawili walikosa kikombe kizuri cha kahawa mjini, wakapanga chumba, wakanunua mashine, na wateja wakaja. Si lazima hadithi hiyo iwe ya uongo, ila huichukua miezi michache ya kwanza ya biashara na kuifanya kuwa historia nzima. Mwongozo huu unamhusu mwandishi, mwanafunzi au mpenzi wa historia ya mji wake anayetaka kuandika yale yaliyofuata baada ya miezi hiyo, kwa kutumia zaidi karatasi ambazo kampuni haikuziandika kwa ajili yake.

Mfano nitakaoutumia ni Java House, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza mwaka 1999 katika Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, ikianzishwa na Mmarekani Kevin Ashley pamoja na mwenzake Jon Wagner, na ambayo baadaye ilifika Kampala na Kigali. Nimeichagua kwa sababu imepita katika mikono ya wamiliki kadhaa kwa muda mfupi, na mali ikibadilisha mikono haikosi kuacha nyaraka nyuma yake.

Anza na swali kabla ya waanzilishi

Swali linalofaa kuanza nalo ni hili: kwa nini nchi iliyokuwa imelima kahawa kwa zaidi ya miaka 100, na ambayo kahawa yake hununuliwa ghali na wakaangaji wa Ulaya na Marekani, ilingoja hadi mwishoni mwa karne ya 20 ndipo mtandao mkubwa wa mikahawa ya kahawa uanze kuchipua katika mji wake mkuu? Ukianza na swali hilo, waanzilishi wanapata mahali pao pa haki katika masimulizi, yaani watu waliofika wakati fulani na kukuta hali fulani, badala ya kuonekana kama watu walioizua kahawa.

Hali hiyo ina mizizi mirefu. Miche ya kahawa ilipandwa Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893 na wamishonari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, kisha ikafika viungani mwa Nairobi kabla ya karne kwisha. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuilima hadi miaka ya 1930, ilipoanza kuwaruhusu wachache katika maeneo kama Meru na Kisii, na ruhusa pana ilikuja na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Katika muda wote huo kahawa ilikuwa zao la kuuzwa nje. Mkulima aliipeleka kiwandani ikiwa mbivu, ikamenywa, ikaoshwa na kukaushwa, ikakobolewa, ikapangwa kwa madaraja na kupigwa mnada, naye akarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Mwandishi asiyelieleza jambo hili hataweza kueleza kwa nini kikombe cha kahawa kilipouzwa Adams Arcade kwa bei ya kimji kilionekana kuwa kitu kigeni katika nchi ya kahawa.

Ongeza hapo hali ya miaka ya 1990. Mavuno ya Kenya yalikuwa yamefikia kilele cha takriban tani 128,000 katika msimu wa 1987/88. Mnamo Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya nje ulivunjika, bei zikaporomoka, na kufikia mwanzo wa karne hii mavuno yalikuwa yameshuka chini ya nusu ya kilele hicho. Kwa hiyo Java House ilizaliwa wakati ambapo wakulima wengi wa Kahawa ya Mlima Kenya walikuwa wameiacha mibuni yao ikimezwa na magugu. Ni mkutano wa ajabu wa nyakati, na sijaona sababu ya kuupita haraka: kahawa ilianza kupata heshima mezani mjini katika miaka ileile ilipokuwa ikipoteza heshima shambani.

Upande wa wateja nao una chanzo chake. Nairobi ina makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa tangu miaka ya 1970, ina balozi nyingi na mashirika yasiyo ya kiserikali, na kulikuwa na Wakenya waliorudi kutoka masomoni ng'ambo wakiwa wamezoea kukaa mkahawani na kitabu. Watu hao ndio walioweza kulipia kikombe kimoja na kukaa saa mbili.

Hapa kuna dai moja la kupimwa kwa uangalifu. Utasoma mara nyingi kwamba mikahawa ya aina hii ilileta utamaduni wa kunywa kahawa Afrika Mashariki. Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja atakayesikia hivyo atacheka, kwani babu yake alikunywa kahawa chungu barazani, katika vikombe visivyo na mkono, akisindikiza na kashata au halua, huku muuzaji akipita na mdila wake wa shaba juu ya makaa na kugonganisha vikombe ili ajulikane amefika. Neno lenyewe «mkahawa» limetokana na kahawa, na lina umri mkubwa kuliko kampuni zote tunazozizungumzia. Kilicho sahihi kuandika ni kwamba Java House ilileta namna mpya ya kuuza: mashine ya mvuke, kiti cha kukalia kwa muda mrefu, bili inayoletwa mezani, na ladha ileile katika kila tawi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ndiyo inayoamua kama historia yako itaanzia mahali sahihi.

Tenganisha jina, kampuni na tawi

Kosa linalojitokeza sana katika maandishi ya aina hii ni kulichukua jina la kwenye kibao kuwa ndilo kampuni. Vitu hivi ni vitatu. Jina ni alama ya biashara inayosajiliwa. Kampuni ni chombo cha kisheria chenye wakurugenzi na wenye hisa. Tawi ni chumba kilichopangwa mahali fulani kwa mkataba wa muda fulani. Kila kimoja kina tarehe zake, na tarehe hizo hazilingani.

Chukua jina. Java ni kisiwa cha Indonesia ambako Waholanzi walianzisha mashamba ya kahawa, na kutokana na biashara hiyo Wamarekani wakazoea kuiita kahawa yenyewe kwa jina la kisiwa. Kwa hiyo mkahawa unaouza kahawa ya Kenya katika mji mkuu wa Kenya unaitwa kwa jina la kisiwa cha Asia kwa kupitia mazungumzo ya mitaani ya Marekani. Awali kibao kilisomeka Nairobi Java House, na neno «Nairobi» liliondolewa biashara ilipoanza kujitazama kama ya kanda nzima. Wateja walikuwa wamekwisha kulifupisha zamani: mtu wa Nairobi husema tu «tukutane Java», na mwenzake haulizi ni kisiwa gani. Chini ya kundi hilohilo kulizuka pia majina mengine, Planet Yogurt kwa maziwa mgando yaliyogandishwa, 360 Degrees Artisan Pizza kwa piza, na baadaye Kukito kwa kuku wa kukaanga. Unapohesabu matawi, amua mapema kama majina hayo ndugu yamo katika hesabu au hayamo, kwa sababu taarifa za kampuni wakati mwingine huyajumlisha na wakati mwingine huyaacha.

Alama za biashara hukupeleka pia mahakamani, na mahakama ni rafiki wa mwanahistoria. Java House ilipoingia Uganda ilikuta tayari Kampala kuna mikahawa mashuhuri iitwayo Café Javas, isiyo na uhusiano nayo wowote. Mgogoro wa usajili wa majina hayo mawili ulianzia kwa msajili wa alama za biashara na kufika Mahakama Kuu jijini Kampala. Uamuzi wa mahakama katika shauri la namna hii hueleza nani alianza kutumia jina lini, alilitumia wapi, na kwa bidhaa zipi, tena mara nyingi kwa viapo vya wahusika wenyewe. Hukumu nyingi za Kenya na Uganda husomwa bure kwenye tovuti za taarifa za kisheria za nchi hizo. Zisome nzima, usiishie kwenye habari ya gazeti kuhusu nani alishinda, maana faida yako imo katika aya za maelezo ya awali ambazo mwandishi wa habari aliziruka. Nao watu wa Café Javas walipovuka mpaka kuja Nairobi, mkahawa wao uliitwa CJ's. Msomaji aliyefuatilia kisa cha majina hahitaji kuambiwa kwa nini.

Fuata umiliki

Sehemu hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi yako, nami ningeshauri uipe muda mrefu kuliko zote. Umiliki wa Java House, kuanzia mwanzo hadi ulipobadilika mwaka 2019, unaweza kupangwa katika vipindi vinne. Kuanzia 1999 hadi 2012 ilikuwa mikononi mwa waanzilishi na washirika wao. Mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Emerging Capital Partners, yenye makao Washington, ilinunua sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 2017 ikauzwa kwa kundi la Abraaj la Dubai, wakati huo ikiwa na matawi takriban 60 katika Kenya, Uganda na Rwanda. Mwaka 2018 Abraaj yenyewe iliporomoka na kuwekwa chini ya wafilisi, na mwaka 2019 kampuni ya Actis ya London ikachukua usimamizi wa mifuko yake ya Afrika, Java House ikiwa miongoni mwa mali zilizomo.

Orodha hiyo ikiachwa kama ilivyo haimwambii msomaji kitu, na ni wajibu wako kueleza maana yake. Mfuko wa uwekezaji wa aina hii hukusanya fedha za watu na taasisi kwa muda uliowekwa, mara nyingi miaka kumi hivi, hununua kampuni, huikuza, kisha huiuza kabla ya muda kwisha ili wenye fedha warudishiwe mtaji na faida. Mmiliki wa namna hiyo anapoingia, swali la kampuni hubadilika kutoka «mkahawa huu unajilipa?» na kuwa «kundi hili litakuwa na thamani gani siku ya kuuzwa?». Ndiyo maana matawi yaliongezeka kwa kasi sana kati ya 2012 na 2017, kutoka idadi ndogo iliyojikita zaidi Nairobi hadi zile 60. Mwandishi anayelieleza ongezeko hilo kwa kutaja tu kwamba Wakenya walianza kupenda kahawa ameandika nusu ya sababu.

Kisa cha Abraaj kinaonyesha jambo jingine. Mkahawa wa Kimathi Street haukufanya kosa lolote mwaka 2018. Wahudumu walifika asubuhi, maziwa yakapashwa, wateja wakaketi. Lakini matatizo ya fedha ya kundi lililo maelfu ya kilomita mbali yaliamua nani angekaa kwenye bodi na nani angeidhinisha tawi jipya. Historia inayotazama meza na vikombe peke yake haiwezi kuuona mtikisiko huo. Na usimwache muuzaji mara anapouza: mwaka 2018 Emerging Capital Partners, iliyokuwa imetoka Java mwaka mmoja tu kabla, ilinunua Artcaffé, mshindani mkubwa wa Java jijini Nairobi. Ujuzi uliojengwa katika mtandao mmoja ulihamia wa pili ukipitia mlango wa mwenye fedha.

Nyaraka za kutafuta ni hizi. Nchini Kenya, Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa kwa ada ndogo hati iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni kwa wakati inapotolewa. Huombwa kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Kwa kuwa huonyesha hali ya leo peke yake, itafute pia katika viambatisho vya kesi za zamani, ambako nakala za miaka iliyopita huhifadhiwa bila kukusudiwa. Tanzania kazi hiyo hufanywa na BRELA, na Uganda na ofisi ya URSB. Manunuzi makubwa hupitia mamlaka za ushindani wa biashara: Kenya ina Mamlaka ya Ushindani, na mnunuzi anayegusa nchi kadhaa za COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), kama zilivyo Kenya, Uganda na Rwanda, huweza kulazimika kupeleka taarifa kwa Tume ya Ushindani ya COMESA iliyoko Lilongwe, iliyoanza kazi mwaka 2013. Maamuzi ya vyombo hivi huandikwa kwa lugha kavu, lakini ndimo utakamokuta soko likielezwa, washindani wakitajwa, na wakati mwingine hata mgawanyo wa wateja. Gazeti Rasmi la Kenya nalo hutangaza uhamishaji wa biashara na ufilisi, na matoleo yake ya zamani yanapatikana.

Ukisoma gazeti la biashara likisema kampuni «imenunuliwa», uliza mara tatu: zimenunuliwa hisa ngapi, kutoka kwa nani, na tarehe inayotajwa ni ya tangazo au ya kukamilika? Miezi kadhaa huweza kupita kati ya hizo mbili, na waandishi wengi huzichanganya.

Andaa daftari la matawi

Fungua jedwali lenye safu chache: jina la tawi, jengo, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kufungwa au kuhama, na chanzo cha kila tarehe. Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Nilipoanza kazi za namna hii niliwahi kuandika kwamba mkahawa fulani ulifungwa, kwa sababu nilikuta chumba kitupu na karatasi zimebandikwa kwenye vioo. Kumbe ulikuwa umehamia ghorofa ya chini katika jengo lilelile, na bawabu angeniambia kama ningemwuliza. Tangu hapo bawabu huwa chanzo changu cha kwanza.

Daftari likijaa, liweke kando ya orodha ya majengo ya maduka. Nairobi ilikuwa na Sarit Centre tangu 1983 na Village Market tangu 1995. Westgate ikafunguliwa 2007, Garden City 2015 na Two Rivers 2017. Mikahawa yenye matawi ilikua kwa kufuata majengo haya, kwa sababu mwenye jengo huhitaji mpangaji anayevuta watu, na mkahawa huhitaji maegesho, ulinzi na wapita njia wenye fedha mfukoni. Uhusiano huo una hatari zake pia. Nakumatt, duka kuu lililokuwa mpangaji mkuu wa majengo mengi, lilipoanguka kati ya 2017 na 2018, wapangaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa umati wake waliachwa na korido tupu. Kisha ukaja Machi 2020, serikali ilipozuia watu kukaa mikahawani kwa sababu ya korona na kuruhusu chakula cha kubeba tu. Biashara ambayo bidhaa yake halisi ni kiti ilinyang'anywa kiti, ilhali kodi ya pango iliendelea kuhesabiwa. Katika daftari lako vipindi hivi viwili viwe na alama yake, ili tawi lililofungwa kwa sababu ya jengo lisihesabiwe pamoja na lililofungwa kwa sababu ya ugonjwa.

Tarehe za menyu, risiti na picha

Menyu za zamani ni hazina, ila nyingi hazina tarehe. Kuna njia za kuzikadiria umri bila kubahatisha. Picha inayoonyesha vibakuli vya majivu ya sigara mezani ndani ya mkahawa wa Nairobi huenda ni ya kabla ya sheria ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku. Risiti au kibandiko chenye namba ya Lipa na M-Pesa hakiwezi kutangulia 2013, kwa kuwa huduma hiyo ilizinduliwa mwaka huo, ingawa M-Pesa yenyewe ilianza 2007. Chakula kilichofungwa katika mfuko wa plastiki ni cha kabla ya Agosti 2017, ilipoanza marufuku ya mifuko hiyo, au basi kuna mtu alikuwa akivunja sheria. Noti za Kenya zinazoonekana mkononi mwa mteja husaidia pia, maana noti mpya zilitolewa 2019. Na menyu inayojivunia intaneti ya bure na ya kasi ina uwezekano mkubwa kuwa ya baada ya 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa.

Tovuti za kale za kampuni hupatikana katika hifadhi ya Internet Archive, ambako unaweza kuona ukurasa ule ule ulivyokuwa katika miaka tofauti. Hapo angalia mambo matatu: orodha ya matawi, aya ya «kuhusu sisi», na bei. Aya ya «kuhusu sisi» hubadilika kila mmiliki anapobadilika. Zikipangwa sambamba, toleo moja baada ya jingine, utaona waanzilishi wakififia taratibu na maneno ya wawekezaji yakichukua nafasi.

Kwa bei, chagua kitu kimoja kisichobadilika, kama kapuchino ya kikombe cha kati, ukifuate mwaka hadi mwaka. Usilinganishe shilingi za 2003 na za 2023 moja kwa moja. Linganisha kikombe hicho na kitu ambacho msomaji anakijua, kama nauli ya matatu kutoka Barabara ya Ngong hadi katikati ya mji katika mwaka huohuo, au mshahara wa chini wa siku uliotangazwa na serikali.

Magazeti ya kabla ya enzi ya mtandao yatafutwe Nyaraka za Taifa, kwenye Moi Avenue, na katika Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931. Ukitafuta katika Taifa Leo, kumbuka kwamba «mkahawa» katika magazeti ya Kenya ni mahali popote pa kula, hata panapouzwa nyama choma na ugali peke yake, na «hoteli» inaweza kuwa kibanda cha chai. Tafuta kwa jina la jengo au mtaa badala ya aina ya biashara, na utapunguza takataka nyingi.

Usiiache kahawa yenyewe

Ni jambo la kushangaza jinsi historia nyingi za mikahawa zinavyosahau kuuliza punje zilitoka wapi. Java House hukaanga kahawa yake yenyewe Nairobi, kwa hiyo maswali yana wa kuyajibu: punje zilinunuliwa mnadani, au kwa mauzo ya moja kwa moja yaliyoruhusiwa Kenya kuanzia 2006? Ni za daraja gani? Daraja la AA hutaja ukubwa wa punje tu, si ladha, ingawa menyu nyingi hulitaja kana kwamba ni medali.

Hesabu ifuatayo humsaidia msomaji kuuona umbali kati ya shamba na meza. Kilo moja ya kahawa ghafi iliyokobolewa huhitaji kilo sita hadi saba za kahawa mbivu. Ikikaangwa hupoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito. Mhudumu wa mashine akitumia gramu 18 kwa kikombe, kilo moja iliyokaangwa hutoa vikombe 55 hivi. Kwa hiyo nyuma ya kikombe kimoja kuna karibu gramu 150 za kahawa mbivu. Chukua malipo ya kilo yaliyotangazwa na chama cha ushirika cha Nyeri au Kirinyaga katika msimu fulani, yagawe kwa uwiano huo, kisha uyaweke kando ya bei ya kapuchino ya mwaka uleule. Jibu litakuwa dogo mno, lakini usikimbilie kulaani: kando ya punje kuna maziwa, pango, umeme, mishahara, kodi na riba ya mwenye fedha, na kazi yako ni kuonyesha kila kimoja kinachukua kiasi gani pale nyaraka zinaporuhusu.

Mahojiano

Wahojiwa wanaopuuzwa ni wale waliokuwa hapo muda mrefu zaidi: wapishi, wahudumu, madereva wa kupeleka bidhaa, wauza maziwa. Meneja hukupa sera. Mhudumu wa miaka kumi hukwambia ni lini sahani zilibadilishwa, ni lini keki zilianza kuletwa kutoka jiko kuu badala ya kuokwa tawini, na ni mmiliki yupi aliyekuja na vipimo vya kupima kila kijiko. Zungumza naye nje ya kazi, kwa ridhaa yake, na usitaje jina lake bila kibali; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata pasipo sheria, mtu anayeendelea kuajiriwa ana cha kupoteza kuliko wewe. Akitaja mwaka, umwulize alikumbuka kwa tukio gani. «Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa pili wa Kibaki» ni tarehe imara kuliko «kama 2006 hivi».

Kuandika na kuweka

Unapoanza kuandika, pima mtandao wako na jirani zake, kwa kifupi, ili msomaji ajue kilicho cha kawaida na kilicho cha pekee. Dormans ilianza Nairobi mwaka 1950 kama biashara ya kahawa. Bourbon Coffee ya Kigali, iliyoanza 2007, ilikwenda njia ya kinyume kabisa na ya Java: badala ya mtindo wa Marekani kuja Afrika, mkahawa wa Rwanda ulifungua mlango Washington.

Kila idadi ya matawi unayoitaja iwe na mwezi na mwaka wake ndani ya sentensi ileile, kwa sababu mitandao hii hufungua na kufunga kila msimu, na idadi isiyo na tarehe huanza kupotoka siku unayoichapisha. Ukimaliza, usibaki na menyu, risiti na picha zako kwenye sanduku chini ya kitanda. Zipige picha kwa ubora mzuri, andika nyuma ya kila moja ilipatikana wapi na kwa nani, kisha upeleke nakala kwenye maktaba ya chuo kikuu au Nyaraka za Taifa, ukiomba stakabadhi ya kupokelewa kwake.